Asiyekuwepo na Lake Halipo

Ndugu zangu wa Kinampanda, naanza na boma. Nyote mnalijua: kuta za tofali za kuchoma zilizofika kwenye lenta zikakoma, bila paa, bila milango. Wananchi wamefyatua tofali, wamesomba mchanga na maji, kila kaya imetoa mchango wake; kilichobaki ni kupaua. Katika safari zangu za mkoa wa Singida nililiona boma la namna hiyo katika kijiji nisichokitaja. Ndani limeota nyasi. Kando yake mzee mmoja alikuwa akichunga mbuzi, nikamwuliza fedha za mabati zimekwenda wapi. Akanijibu, "Mwanangu, hayo wanayajua wakubwa." Nikamwuliza mkutano wa kijiji alihudhuria lini mara ya mwisho. Hakumbuki. Akisikia kengele ya mkutano anajua ni michango, basi yeye hutangulia malishoni.

Jibu hilo ndilo lililonikalisha kuandika. Simlaumu mzee peke yake. Mtu akiitwa mara kumi, na mara zote kumi akaambiwa toa, mara ya kumi na moja hatakuja. Lakini namwambia, kwa heshima zote za umri wake, kwamba siku aliyotangulia malishoni ndiyo siku fedha yake ya bati ilipokosa mwenyewe wa kuiulizia.

Tanganyika ilipokuwa jamhuri, tarehe 9 Desemba 1962, hatukumwondoa Malkia wa Uingereza ili tuweke wafalme wadogo wadogo vijijini. Tulikubaliana kwamba nchi ni ya raia wake. Katiba tuliyo nayo, ya mwaka 1977, inalisema hilo katika ibara ya 8: mamlaka yote chimbuko lake ni wananchi, na serikali inayapata kwao. Neno kubwa kama hilo likishuka kutoka Dodoma hadi wilayani Iramba lazima lipate mahali pa kukaa, na mahali penyewe ni mkutano mkuu wa kijiji. Sheria ya Serikali za Mitaa ya mwaka 1982, ile ya mamlaka za wilaya, imeupa mkutano huo kauli ya juu katika mambo ya kijiji. Ndio unaoichagua halmashauri ya kijiji, na ndio unaoweza kuiondoa. Wajumbe wake ni akina nani? Ni kila mkazi aliyetimiza miaka 18. Haulizwi kadi ya chama, haulizwi idadi ya ng'ombe wala cheti cha shule. Mzee wa mbuzi ni mjumbe. Mkewe naye ni mjumbe, na kura yake haipungui hata chembe.

Inafaa tukumbuke kwamba haki hizi hazikuja kwa siku moja. Miaka ya mwanzo viongozi wetu walikataa kuandika Hati ya Haki katika Katiba. Mwaka 1965 tume iliyoongozwa na Rashidi Kawawa, iliyotengeneza mfumo wa chama kimoja, ilishauri vivyo hivyo. Hofu yao ilikuwa kwamba mahakama zingetumiwa kuifunga mikono serikali changa yenye haraka ya kujenga. Badala yake ikaundwa, mwaka 1966, Tume ya Kudumu ya Uchunguzi, ya kupokea malalamiko ya watu dhidi ya watumishi wa umma. Nia yao naiheshimu, lakini uamuzi wao ulitugharimu. Kizazi kizima kilifundishwa wajibu asubuhi na jioni, na haki kikaambiwa isubiri. Hati ya Haki iliingia kwenye Katiba mwaka 1984, na ikabidi kungoja hadi 1988 ndipo raia aweze kuidai mahakamani. Ndiyo maana wazee wetu wengi wakisikia neno uraia wanafikiri jembe, mchango na mgambo.

Lakini fungueni Katiba hiyo msome. Haki na wajibu vimewekwa katika sehemu moja, vinafuatana kama mtu na kivuli chake. Na ndani ya ibara ya 26, inayomtaka kila mtu aitii Katiba na sheria, limepandwa jambo ambalo wengi hulipita bila kuliona: kila mtu anayo haki ya kuchukua hatua za kisheria kuilinda Katiba yenyewe. Tazameni lilipowekwa. Liko katikati ya wajibu. Kwa hiyo raia mwema hatii tu, analinda pia. Na akiona sheria inavunjwa na mwenye cheo, kunyamaza kwake si utii.

Mchungaji Christopher Mtikila aliichukua ibara hiyo akaenda nayo Mahakama Kuu ya Dodoma, hapo kwa jirani zetu, mwaka 1993. Alitaka mwananchi asiye na chama aruhusiwe kugombea. Jaji Lugakingira alikubali kwamba ibara ya 26 inampa raia nafasi ya kusimama mahakamani kwa ajili ya umma, na mwaka 1994 akaamua kwamba mgombea binafsi ana haki. Bunge likabadili Katiba kuizuia hukumu hiyo. Mtikila hakuchoka: Juni 2013 Mahakama ya Afrika iliyoko Arusha ilimpa ushindi. Alifariki mwaka 2015, na mgombea binafsi hajaruhusiwa. Mwaka 2020 mlango ukabanwa zaidi, kwani Bunge lilipitisha sheria iliyomtaka anayedai haki za msingi mahakamani aoneshe kwa kiapo jinsi yeye binafsi alivyoathirika. Mimi nasema sheria hiyo haikutendea haki ibara ya 26. Mlinzi wa nyumba hangoji mpaka kitanda chake mwenyewe kiibwe.

Mtaniambia Dodoma na Arusha ni mbali. Basi turudi shambani. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inaikataza halmashauri ya kijiji kumgawia mtu ardhi kabla mkutano mkuu haujaridhia. Hiyo ni ngao ya mnyonge, lakini ngao haijishiki. Mnaweza kuamka asubuhi mkakuta vigingi katikati ya malisho, mkauliza nani katoa ruhusa, mkaoneshwa muhtasari wenye sahihi za waliohudhuria. Ninyi mlikuwa wapi?

Sheria hiyo hiyo inakataa mila inayomnyima mwanamke ardhi, na inataka watatu kati ya wajumbe saba wa baraza la ardhi la kijiji wawe wanawake. Kabla yake, Februari 1990, Jaji Mwalusanya wa Mahakama Kuu ya Mwanza alikuwa ameamua kesi ya mama mmoja wa Kagera aliyerithi shamba la ukoo kwa baba yake akaliuza. Ndugu wa kiume alimpinga kwa hoja ya mila. Jaji alisema mila inayombagua mwanamke haiwezi kusimama mbele ya Hati ya Haki. Mama mjane unayesoma haya, au unayesomewa, shika hilo.

Sasa nigeuke upande wa pili, maana sitaki kumpendeza mtu. Wapo vijana wanaoimba haki zangu, haki zangu, kisha usiku wanafungua koki za bomba la kijiji wakauze vyuma chakavu. Wapo watu wazima wanaoilaani serikali kwa barabara mbovu, na siku ya kura huuza kauli yao kwa doti ya khanga au lita ya pombe. Ibara ya 27 inatutaka tutunze mali ya pamoja na kupiga vita ubadhirifu. Anayeiba koki na anayekula fedha ya mabati ni ndugu.

Na ninyi wenyeviti na watendaji: msiite mkutano kwa ajili ya kukusanya tu. Anzeni na mapato na matumizi. Someni hesabu kwa sauti, bandikeni karatasi kwenye ubao wa matangazo, toeni risiti. Mtu aliyeoneshwa shilingi yake ya jana hatakimbia malishoni leo.

Kinampanda mna bahati ambayo kata nyingi hazina. Mna chuo cha ualimu. Vijana wanatoka mikoa mbalimbali kuja kujifunza kufundisha hapa, kisha wanatawanyika nchi nzima. Nawaomba ninyi walimu wanafunzi: mkutano ukitangazwa katika vijiji vinavyowazunguka, nendeni mkakae nyuma msikilize. Mwone muhtasari unavyoandikwa, akidi inavyohesabiwa, mama anavyonyoosha mkono. Kisha mkifika kwenye shule zenu, somo la uraia lisiwe la kukariri majina ya viongozi. Waacheni watoto wa darasa la tano wafanye mkutano wao, wachague mwenyekiti, wadai hesabu ya fedha ya mpira.

Utaratibu wa vijiji ni mkutano mkuu kila miezi mitatu. Ni siku 4 katika mwaka mzima. Mbuzi waachieni watoto siku hizo. Mkutano ujao ukitangazwa, nendeni mapema, mkae mbele, na kabla ya jambo lingine lolote mwulizeni mwenyekiti: boma letu litapauliwa lini?