Damu Kwa Mswaki Si Kitu ya Kuzoea, Msee

Leo asubuhi ukitema povu uliangalia rangi? Kama kulikuwa na wekundu kidogo, ukamwaga maji ikaenda, hauko peke yako. Utafiti wa kitaifa wa afya ya kinywa wa 2015 ulipata fizi za watu wazima 98 kati ya 100 hapa Kenya zinatoka damu. Hiyo ni karibu sisi wote, na ndio maana tunaona ni kawaida. Si kawaida.

Iko hivi. Kila siku kuna utando laini unajishika kwa meno, umejaa bakteria. Usipousugua, fizi zinavimba na kutoka damu. Hapo bado unaweza kurudi: piga mswaki vizuri kila siku na fizi zinatulia. Ukiuacha, unagandamana kuwa ukoga mgumu wenye mswaki hauwezi, lazima daktari autoe. Ukizidi kuchelewa, mfupa unaoshika jino unaanza kuliwa, na haurudi tena. Mbaya zaidi, mara nyingi hata huskii uchungu.

Kuoza nako ni mambo ya sukari. Bakteria wanaila, wanatoa asidi, asidi inatoboa jino. Mate hujaribu kurekebisha, lakini yanahitaji muda. Kwa hivyo shida si sukari ngapi tu, ni mara ngapi. Msee wa kumaliza soda moja akidishi lunch ana afadhali kuliko yule wa kukaa base na jaba, akionja soda kidogo kidogo mpaka usiku.

Sasa tuongee doh. Nilipoacha chuo, gego langu lilianza kunisumbua. Nilikula dawa za maumivu za kemisti miezi mitatu. Kufika kliniki naambiwa kung'oa ni 1,500, kuliokoa ni 12,000. Najua unajua nilichagua gani. Sikuwa mjinga, nilikuwa sina. Na hapa mtaani wengi wetu tunafanya hesabu hiyo hiyo: jino zima linang'olewa juu ya kitu yenye ingezuiwa na mswaki na dawa ya meno.

Tangu Oktoba 2024 wenye mishahara wanakatwa SHA asilimia 2.75. Tunapiga kelele kuhusu hospitali kubwa, na ni haki yetu. Lakini ni lini ulisikia mwanasiasa akiulizwa kuhusu meno kwa mkutano? Anza wewe. Uliza kituo chako cha afya wanatibu nini kwa meno na unalipiwa nini, kabla uchungu haujakushika saa nane usiku.

Ukingoja majibu, fanya zenye ziko mikononi mwako. Mswaki laini, mara mbili kwa siku, dakika mbili, na ya usiku usiruke. Dawa iwe na floraidi. Ukimaliza, tema tu, usisukutue na maji mengi, acha floraidi ifanye kazi. Fizi zikitoka damu usiache kupiga mswaki, hapo ndio zinakuhitaji. Damu isipoisha baada ya wiki mbili hivi, muone daktari wa meno.

Pengo langu liko nyuma, kushoto. Nikicheka hulioni. Lakini nikitafuna chapo, mimi nalijua.