Bendera Yetu Ikiwa Baharini

Katika adabu ambazo Mtanzania hufunzwa tangu utotoni pasipo kuandikiwa, mojawapo ni kusimama kimya filimbi ya kituo cha polisi inapolia saa kumi na mbili za jioni, mwenye baiskeli akashuka, mwenye tenga kichwani akalishika kwa mikono miwili, hata askari aishushe bendera na kuikunja, ndipo watu wakaendelea na safari zao. Adabu hiyo ni njema, nami siikejeli. Sheria nayo ipo tangu 1971, na mfanyabiashara haruhusiwi kuitia sura ya bendera katika bidhaa zake pasipo idhini ya serikali.

Linalonishughulisha ni kwamba taadhima yote hiyo tumeiweka nchi kavu, ilhali bendera hiyo hiyo, ikitwekwa juu ya meli, haiwi pambo tena bali huwa ni dola yenyewe. Kwani chombo kilicho katika bahari kuu aghalabu hakina hakimu ila mwenye bendera yake, na manowari ya taifa jingine haina ruhusa ya kukisimamisha na kukipekua ila kwa sababu chache zinazohesabika.

Watu wa mwambao wetu waliyajua hayo zamani. Katika karne ya kumi na tisa manahodha wa Sur, raia wa Sultani wa Maskati, walikuwa wakipewa hati na mabalozi wa Ufaransa na kutweka bendera ya Kifaransa, si kwa mahaba yao kwa Paris, bali kwa kuwa Waingereza, waliokuwa wakizunguka baina ya Unguja na Pemba kuwasaka wasafirishaji wa watumwa, hawakuwa na haki ya kuvipekua vyombo vya Wafaransa. Desemba 1881 kapteni Brownrigg wa manowari iitwayo London alikiendea chombo kimoja chenye bendera hiyo karibu na Pemba. Ndani mlikuwa na watumwa, naye akauawa. Daawa ya bendera hizo ilifika The Hague, na tarehe 8 Agosti 1905 wasuluhishi wakahukumu kwamba kila dola ina hiari ya kumchagua itakayemjalia bendera yake, lakini hiari hiyo hufungwa na ahadi ambazo dola imekwisha kuziweka. Na madhali Ufaransa iliridhia mkataba wa Brussels wa kuukomesha utumwa, tangu 1892 haikuwa na ruhusa ya kumpa hati mpya raia yeyote wa Sultani, ila yule iliyekwisha kumweka chini ya himaya yake kabla ya 1863.

Leo wagawaji ni sisi. Meli za kigeni husajiliwa Zanzibar na kupeperusha bendera ya Tanzania, na mwaka 2012 ikadhihirika kwamba meli za mafuta 36 za Iran, nchi iliyokuwa chini ya vikwazo, zilipewa bendera yetu kwa mkono wa wakala aliyekaa Dubai, serikali ikazifuta. Mapema 2018 zikafutwa Kaluba, iliyonaswa na dawa za kulevya, na Andromeda, iliyokamatwa na Wagiriki ikiwa na shehena ya vilipuzi, na Rais Magufuli akaamuru usajili wa meli za kigeni usimamishwe kwa muda.

Nitaambiwa kwamba usajili una ada, na hazina yahitaji fedha. Sikatai. Lakini mkataba wa bahari wa 1982 wataka uwepo uhusiano wa kweli baina ya meli na dola ya bendera yake, nami nauliza ni uhusiano gani tulio nao na meli ambayo haijapata kutia nanga Malindi wala Dar es Salaam, ambayo nahodha wake hajui hata rangi nne zile zimekusudiwa nini. Naiwekwe wazi daftari ya meli hizo, kila raia aisome: jina la meli, mwenyewe hasa, wakala aliyeiombea hati, na mkaguzi aliyeikagua kwa macho yake. Maadamu daftari hiyo imefichwa, sioni ni kwa insafu gani tutamwandama kijana wa Kariakoo aliyechapa bendera kwenye fulana kumi na mbili kwa ajili ya mechi ya Taifa Stars.