Kisa Kimoja Miongoni mwa Vingi

Katika kitabu cha Jean Shepherd cha mwaka 1966, kilicho asili ya filamu ya A Christmas Story ya 1983, kisa cha bunduki ya Krismasi ni kimoja tu miongoni mwa vingi, navyo husimuliwa na mtu mzima aliyerejea mji wa utotoni akaketi baani kwa sahibu yake wa kale.

Sisi wa Busia na Tororo twalifahamu vyema jambo hilo, kwani kila Desemba, mabasi ya Nairobi na Kampala yakishateremsha wana wa nyumbani, wazee huwaita penye chungu cha pombe ya malwa, na huku maji moto yakiongezwa, kila mmoja, mrija mrefu mkononi, husimulia utoto wake kwa mubalagha isiyo na haya. Filamu ni tamu, lakini kitabu kimeishinda.