Homa imepanda, moyo mbio: una hakika ni malaria?

Leo sina habari ya nani kamchukulia nani bwana. Leo naongelea shingo. Ndiyo, shingo hiyohiyo unayoivalisha cheni.

Pale mbele, chini ya kongomeo, kuna tezi yenye umbo kama la kipepeo. Inaitwa thairoidi, na homoni zake ndizo zinazoupangia mwili spidi. Zikizidi, unakuwa kama daladala lililokatika breki: moyo mbio, mikono inatetemeka, jasho hata feni ikizunguka, usingizi hakuna, unapiga sahani mbili za ubwabwa na bado unakonda. Wengine shingo inavimba, wengine macho yanatoka. Akina dada ndio wanaopatwa zaidi.

Na mtaani kwetu unavyopajua! Mwezi wa kwanza wanakusifia figa, mwezi wa tatu wananong'ona kwamba unao. Ndiyo maana wengine hujifungia ndani au huishia kwa mganga, wakati kipimo cha damu kingesema yote. Wakati wenyewe si ugonjwa wa aibu. Mkimbiaji Gail Devers wa Marekani aligundulika nao 1990, miguu ikaharibika mpaka madaktari wakafikiria kuikata. Mwaka 1992 kule Barcelona akachukua dhahabu ya mita 100, na 1996 akairudia Atlanta. Rais George Bush, yule mzee, moyo ulimwenda ovyo akiwa kwenye mbio za mazoezi mwaka 1991. Kumbe tezi.

Sasa kasheshe yenyewe ni hii. Tezi hiyo ikichokozwa inaweza kulipuka ghafla, na madaktari wanaita hali hiyo dhoruba. Mwaka jana niliiona kwa macho yangu. Dada mmoja wa nyumba ya pili alikuwa akimeza vidonge vya tezi, mwili ukarudi, akajiona kapona, akaviacha. Wiki chache baadaye homa ikamshika. Nyumbani wakasema malaria, wakampa dawa za dukani na aspirini juu yake. Usiku wa pili anatapika, anaharisha, anabishana na watu wasiokuwepo. Shangazi mtu akasema ni majini, aitwe shehe. Bahati mwenye bajaji alikuwa hajalala.

Hospitali nako wimbo ukawa uleule wa malaria, mpaka mdogo wake, katoto ka darasa la sita, akasema: "Dada ana dawa za shingo, kaziacha." Daktari aligeuka kama kaitwa jina.

Hapo nikaona kazi, bwana. Hawakusubiri majibu ya tezi, kwa sababu dhoruba haisubiri maabara. Oksijeni, dripu, nguo zikapunguzwa, taulo lenye maji na feni. Homa ikatulizwa kwa parasetamo. Aspirini mwiko, kwani inazibandua homoni kwenye protini za damu zinakoshikiliwa, zikawa huru kuleta fujo zaidi. Akapewa propranolol kuushika moyo, dawa ya kuizuia tezi isitengeneze homoni mpya, na sindano ya haidrokotisoni. Ilipopita saa moja na zaidi ndipo yakaja matone ya madini joto, haya haya ya kwenye chumvi, ila makali. Nikamuuliza nesi mbona wanachelewesha. Akaniambia tezi hutengenezea homoni madini joto, kwa hiyo ukiyatanguliza kabla hujaifunga ni sawa na kumwagia moto petroli. Ukiifunga kwanza, wingi ule unaizuia kumwaga zile ilizokwishaweka akiba. Kipimo cha malaria? Hakuna kitu. Na hata angekuwa nayo, malaria yenyewe ingeweza kuwa ndiyo iliyoichokoza tezi. Kwa hiyo wanatafuta vyote viwili.

Dada yule alipona. Wengine hawaponi: hata wakitibiwa, katika wagonjwa 10 wa dhoruba hii anaweza kufa mmoja au zaidi. Kinachoichokoza mara nyingi ni kuacha dawa ghafla. Kisha kuna maambukizi, ajali, kujifungua na upasuaji. Ndiyo maana daktari anayejua kazi yake hakupeleki kisu kabla hajaituliza tezi, labda iwe dharura.

Wewe unayemeza vidonge hivi na unajiandaa kwenda kijijini kwa sikukuu, hesabu vya kutosha safari nzima na vya siku ambazo basi litakuangusha. Waambie unaolala nao chumba kimoja una nini, au weka kikaratasi kwenye pochi, maana siku yenyewe mdomo wako utakuwa unaongea mambo mengine kabisa. Ikikupata homa na koo kuuma wakati uko kwenye dawa, usinywe chai ya tangawizi ukalala. Nenda ukapimwe damu siku hiyohiyo, kwani mara chache dawa hizo hushusha askari wa mwili. Na mwenye pumu aseme mapema, maana propranolol inaweza kumbana kifua.

Haya, mhariri kashaninunia kwa urefu. Wiki ijayo tunarudi kwenye umbea wetu.