Jezi Mpya, Gemu Ile Ile



Leo si hina, si udi, wala si abaya za sikukuu. Leo ni gemu. Ndiyo, hizi hizi gemu za mpira ambazo watoto wetu wa kiume wanazililia kila mwaka, na waume zetu pia, tusifichane. Ikifika mwezi wa tisa au wa kumi tu utasikia "mpya imetoka". Mwaka jana ilitoka mpya. Mwaka juzi nayo ilitoka mpya. Na bei ni ya kitu kipya kamili: kwa miaka mingi dola 60, na EA Sports FC 24 ilipotoka Septemba 2023 ikaingia sokoni kwa dola 70. Zigeuze ziwe shilingi, kisha uhesabu ni doti ngapi za kanga hizo.

Sisi si wachezaji. Sisi ni mafundi cherahani na wauzaji wa magauni ya harusi. Lakini pesa zinatoka kwenye pochi zetu, na tena jambo lenyewe tunalifahamu kuliko mtu anavyodhani, maana ndiyo kazi yetu kujua kipi kimeshonwa upya na kipi kimebandikwa lesi tu. Kwa hiyo tunasema wazi: nyingi katika hizi gemu za mpira za kila mwaka ni nyongeza ya kulipia iliyovishwa jina la gemu mpya. Na nyongeza ina bei yake.

Kwa asiyejua tofauti: gemu ikipata mwendelezo, ule mwendelezo ni gemu nyengine kamili, unainunua na inasimama peke yake. Nyongeza ni kitu kidogo kinachoingia juu ya gemu uliyonayo tayari, viwanja zaidi, timu zaidi, mashindano zaidi, kwa bei ndogo. Kwetu dukani ni sawa na kushona gauni na kurekebisha gauni. Bibi harusi akituletea gauni la dada yake tukambadilishia lesi, tukamwongezea shanga kifuani na kulibana kiunoni, tunamtoza bei ya kurekebisha. Tukimtoza ya gauni jipya atatupigia kelele mpaka Darajani wasikie, na haki yake.

Sasa tutazame mambo yalivyokuwa kwenye kile kifaa cha Nintendo Switch. Kampuni ya EA ilileta FIFA 18 huko, ikaleta FIFA 19. Kuanzia FIFA 20 ikaanza kuuza kitu kinaitwa Legacy Edition. Ikauza FIFA 20 hivyo, na 21, na 22, na 23. Miaka minne mfululizo. Ndani yake mna nini? Kampuni yenyewe ilieleza: mchezo ni ule ule wa nyuma, kilichobadilishwa ni jezi, vikosi vya wachezaji na vitu vya aina hiyo. Mwaka wa pili mtandao wa IGN wa Marekani, ulipotakiwa kuitathmini FIFA 21 ya Switch, ulichukua maneno yake ya FIFA 20 ukayachapisha tena kisha ukatoa alama 2 katika 10. Kwani waandike nini kipya kuhusu kitu kisicho kipya?

Tunajua kuna atakayesema: lakini walisema, si waliandika Legacy pale mbele ya kasha? Waliandika. Neno la Kiingereza lenye maana ya urithi, zuri, linasikika kama toleo la heshima. Mama aliyesimama dukani na mtoto anamvuta mkono atalisoma neno lile na kudhani hii ndiyo ya fahari. Gauni la mitumba ukiliita "Gauni la Urithi" hujamwambia mteja kwamba limeshavaliwa. Umempumbaza kwa adabu.

Na walijua njia ya kusema kweli, kwa sababu jirani yao sokoni aliisema. Mwaka 2020 Konami, wale wa PES, walikuwa wanashughulikia gemu yao ya vifaa vipya vilivyokuwa vinakuja, hawakuwa na kitu kipya cha mwaka ule. Wakatoa eFootball PES 2021 na jina lenyewe wakaliandika Season Update, yaani marekebisho ya msimu, na wakaiuza kwa dola 30, nusu ya bei iliyozoeleka. Huo ndio uungwana wa biashara. Hili ni gauni la mwaka jana, lesi mpya, bei nusu, ukitaka chukua. Mteja anaondoka akijua alichobeba.

Lakini ushahidi unaotukera zaidi ni wa mashindano ya Euro, kwa sababu hapo kampuni imejishitaki yenyewe. Mwaka 2008 EA waliyauza mashindano ya Euro kama gemu kamili, kasha lake, bei yake. Mwaka 2012 mashindano yale yale yakauzwa kama nyongeza ya kulipia juu ya FIFA 12, ukiwa huna FIFA 12 huwezi kuyacheza. Mwaka 2024 yakawekwa ndani ya FC 24 bure. Kombe la Dunia nalo hivyo hivyo: 2006, 2010 na 2014 lilikuwa na gemu yake ya kununua, 2018 na 2022 likaingia bure ndani ya FIFA ya mwaka ule. Timu za taifa, viwanja, kombe, jezi. Kitu kimoja, na majina matatu: gemu, nyongeza, zawadi. Basi anayetuambia kwamba kubadilisha jezi na vikosi lazima kuitwe gemu mpya na kulipiwe dola 60 atueleze, iliwezekanaje mwaka mwengine kitu kama hicho kikawa bure?

Kuna wanaowatetea, na hoja zao si za kupuuza zote. Wanasema haki za kutumia majina ya klabu, ligi na wachezaji ni ghali, na kampuni inazilipia. Kweli. Hata sisi lesi tunainunua, na shanga, na uzi. Lakini gharama ya lesi huwekwa kwenye bei ya kubadilisha lesi. Wanasema pia kuna miaka ambayo mabadiliko yalikuwa makubwa. Kweli tena. FIFA 17 ilihamia kwenye injini nyengine, ile Frostbite, na ikaja na hadithi ya kijana Alex Hunter ya kuchezwa tangu mwanzo hadi mwisho. Kwa FIFA 22 waliwavalisha wachezaji 22 nguo maalumu za kunasa mienendo, wakacheza mechi nzima ili gemu ijifunze kutokana nao. Hiyo ni kazi, na anayetaka kuilipia ailipie kwa moyo mweupe. Tunachokataa ni mwaka wa kazi na mwaka wa kubandika kuwekewa bei moja na jina la aina moja, tuachiwe sisi tubahatishe upi ni upi.

Hoja ya tatu ndiyo ya uvivu: "hamjalazimishwa kununua". Hebu tuambiane ukweli. Seva za matoleo ya zamani huzimwa baada ya muda, na kabla hazijazimwa wenzio wote wameshahamia kwenye jipya, unabaki uwanjani peke yako kama aliyefika harusini siku ya pili. Tena kuna ile sehemu inaitwa Ultimate Team, ambamo mtu hukusanya kadi za wachezaji, nyengine akizinunua kwa pesa taslimu bila kujua ndani ya pakiti mna nani. (Hilo la pakiti lina mada yake. Tume ya michezo ya kubahatisha ya Ubelgiji ilisema mwaka 2018 kwamba masanduku ya namna hiyo ni kamari, na mapema 2019 EA ikaacha kuuza pointi zake kule. Sisi Waislamu tusisubiri Ubelgiji kutuambia.) Kadi hizo haziendi nawe kwenye toleo la mwaka unaofuata. Unaanza sifuri.

Hapo ndipo tunaposema hata neno nyongeza ni heshima kubwa mno kwake. Nyongeza huongeza: ulichokuwa nacho kinabaki na kipya kinakaa juu yake. Hii inakutoza bei ya kitu kipya, inakupa kilicho karibu na cha zamani, kisha inakufutia ulichokusanya mwaka mzima. Fundi akupe gauni lile lile lenye lesi mpya, akutoze bei kamili, halafu akunyang'anye na mkufu uliokuja umeuvaa!

Msije mkadhani tunachukia kitu kutumika tena. Tungekuwa wanafiki, kwa maana nusu ya ustadi wa fundi ni kutumia tena. Wapo waliosema maneno kama haya haya kuhusu gemu ya The Legend of Zelda: Tears of the Kingdom ya mwaka 2023, kwamba ni nyongeza ya ile Breath of the Wild ya 2017 iliyouzwa dola 70. Na kweli nchi ni ile ile, Hyrule, milima ile ile. Msimamizi wake, Eiji Aonuma, alisema mwenyewe kwamba walianza na mawazo ya nyongeza, yakawa mengi kuliko nyongeza inavyoweza kubeba. Lakini walikaa nayo miaka 6. Wakaweka visiwa angani na nchi nzima chini ya ardhi, na wakampa mchezaji uwezo wa kuunganisha vitu akajitengenezea gari na chombo cha kuruka, hata mlima ule ule aliouzoea anaupanda kwa akili nyengine kabisa. Hilo ni gauni lililofumuliwa mshono kwa mshono, kitambaa kikakatwa upya kwa vipimo vipya. Kitambaa ni cha zamani, gauni ni jipya. Bei yake hatuioni haya kuitetea, ingawa ni ghali.

Katika dini yetu kumficha mnunuzi hali ya bidhaa kuna jina lake, ghishi, na kisa cha Mtume (S.A.W.) alipotia mkono ndani ya chungu ya nafaka sokoni akakuta chini yake imeloa sote tulisomeshwa chuoni tukiwa wadogo. Nafaka iliyoloa haikukatazwa kuuzwa. Ilitakiwa iwekwe juu watu waione.

Basi dada yetu, wewe unayefikiria kumzawadia bwana harusi gemu, au mwenye mtoto anayesema wenzake wote wa skuli wanayo, uliza maneno matatu kabla ya kufungua pochi. Nini kimebadilika uwanjani, si kwenye jezi? Kadi na vitu alivyokusanya vitahamia? Na ya mwaka jana inauzwa bei gani leo? Hili la tatu lina utamu wake, maana gemu za mpira hushuka thamani upesi sana, na miezi michache tu baada ya kutoka utazikuta zimeteremshwa bei vibaya. Akikuambia "lakini mama, jezi za humu ni za zamani", mshonee jezi.