Nitakunywa Moja Tu

Akina mama wapendwa, mwezi huu tuzungumze jambo ambalo wengi wetu hulisema kwa sauti ya chini. Mume alikuwa mlevi. Simsemi mnywaji wa sikukuu. Namsema yule wa kuzimua kabla ya chai ya asubuhi, mikono ikitetemeka mpaka apate kitu, mshahara ukiishia kilabuni kabla haujaona mlango wa nyumba. Kisha akaacha. Mwaka ukapita, wa pili ukaingia. Ada zimelipwa, nyumba imeezekwa, watoto hawakimbilii tena kitandani wasikiapo hodi ya baba. Ndipo jioni moja anasema kwa upole kabisa: "Mama watoto, mimi si mlevi tena. Nadhani sasa naweza kunywa moja tu, kama wanaume wenzangu."

Dada mmoja wa Kilimanjaro ameniandikia akiwa amefikishwa hapo. Desemba kuna harusi ya shemeji yake, na wazee wa ukoo wameshasema kwamba asiyeonja mbege siku hiyo amewadharau. Anauliza: je, aliyekuwa mlevi aweza kurudi kunywa kwa kiasi? Na yeye mke aseme nini?

Dada yangu, nitajibu kwanza, halafu nieleze. Wapo wanaoweza. Lakini mtu wa kutetemeka mikono, kama mumeo alivyokuwa, mara nyingi sana si mmoja wao. Hakuna daktari awezaye kukuhakikishia mapema kwamba huyu ataweza na yule hataweza. Itabidi ajaribu, na mahali pa kujaribia ni nyumbani kwako, kwa ada za watoto wako.

Najua baadhi yenu mtashangaa kuniona nikikiri kwamba wapo wanaoweza. Tumezoea kuambiwa kwamba tone moja linatosha kumrudisha mtu alikotoka, na hivyo ndivyo walivyofundisha walevi walioacha pombe huko Marekani, wale walioanzisha chama cha Alcoholics Anonymous mwaka 1935. Mafundisho hayo yameokoa nyumba nyingi. Hata hivyo mwaka 1962 daktari mmoja wa hospitali ya Maudsley, London, aitwaye D. L. Davies, aliandika kwamba kati ya wanaume 93 waliotibiwa ulevi hapo, 7 walikutwa baadaye wakinywa kama watu wengine, bila tabu, kwa miaka 7 hadi 11. Zikazuka kelele kubwa. Wengine walifurahi, wengine walisema ameua watu kwa kalamu.

Sasa sikilizeni yaliyofuata. Mwaka 1985 mtaalamu mwingine wa London, Griffith Edwards, alitoa habari za wale saba baada ya kuwafuatilia upya. Watano kati yao walikuwa wamepata matatizo makubwa ya pombe, tena hata katika miaka ile ile ambayo Davies aliwahesabu kuwa wazima. Waliobaki wakinywa bila tabu muda wote walikuwa wawili, na mmoja wao hakuwahi kuzama sana tangu mwanzo. Sisi tulio na waume hatushangai. "Mbili tu" ya mwanamume tunaijua hesabu yake.

Kuna utafiti mkubwa zaidi uliofanywa Marekani mwaka 2001 na 2002. Waliulizwa watu 4,422 waliowahi kuwa watumwa wa pombe siku za nyuma. Karibu 18 katika kila 100 walikuwa wameacha kabisa, na karibu 18 wengine walikuwa wanakunywa kwa kiasi kisicho na hatari kubwa. Baba akisikia hapo atapiga meza kwa furaha. Asubiri kidogo. Watafiti waliwarudia watu waliokuwa wametulia baada ya miaka mitatu. Kati ya wale walioacha kabisa, dalili za ulevi zilikuwa zimerudi kwa 7 katika kila 100. Kati ya wale wa kunywa kwa kiasi zilikuwa zimerudi kwa 27. Na wale waliokuwa wakinywa zaidi ya kiasi lakini bila matatizo, wakijiona wamepona, nusu yao walikuwa wamerudi shimoni. Tena watu wengi katika hesabu hiyo hawakuwahi kutafuta msaada wowote kwa ajili ya pombe. Ni kama robo tu waliowahi. Yaani wengi hawakuwa wamefika kule alikofika mume wa dada yetu.

Kwa hiyo kinachotofautisha ni kina cha shimo. Kijana aliyelewa ovyo miaka miwili mitatu akiwa chuoni, kisha akaoa na kutulia, huyo mara nyingi hupunguza mwenyewe bila kuambiwa. Aliyekunywa miaka kumi na tano, akazimua kila asubuhi, akaona vitu visivyokuwapo siku alipokosa, huyo ubongo wake umejifunza kitu ambacho hausahau upesi. Miaka miwili bila kunywa humrudishia afya, akili na heshima yake. Lakini harufu ya kilabu, sauti za rafiki wale wale, na ile siku ya mshahara bado vinamwita kwa jina. Na bia ya kwanza hulegeza hasa ile akili inayopaswa kuikataa ya pili.

Tuulize pia hicho "kiasi" ni kiasi gani, kwa maana neno hili kila mtu ana debe lake. Katika utafiti ule, mwanamume alihesabiwa kuwa anakunywa kwa kiasi ikiwa hazidishi vipimo 14 kwa juma, wala vipimo 4 kwa siku yoyote katika mwaka. Kipimo chao ni gramu 14 za kileo. Chupa ya bia ya mililita 500 yenye kileo cha asilimia 5 ina gramu zipatazo 20. Pigeni hesabu: siku ambayo amekunywa zaidi kuliko zote, hafikishi chupa tatu, hata iwe harusi, hata iwe Krismasi, na juma zima ni chupa kama kumi. Mngapi mnamjua mlevi wa zamani aliyedumu hivyo mwaka mmoja? Na hayo ni ya bia, ambayo nguvu yake imeandikwa kwenye chupa. Mbege ya kibuyu hiki si sawa na ya kibuyu kile. Gongo ndiyo usiseme. Hapo hakuna kiasi cha kuhesabu, na mara nyingine ndani yake mna sumu ya kupofusha macho na kuua.

Labda mmewahi kusikia habari za Audrey Kishline. Mama huyu wa Marekani alianzisha mwaka 1994 chama cha kuwasaidia watu kunywa kwa kiasi. Machi 2000 aliendesha gari akiwa amelewa sana, akapita upande usio wake wa barabara kuu, akamwua baba mmoja pamoja na binti yake wa miaka 12. Watu hupenda kuitumia habari hii kama fimbo. Mimi naona haki itendeke: chama chake chenyewe kilisema hakikuwekwa kwa ajili ya walevi waliozama, na miezi miwili kabla ya ajali alikuwa amewatangazia wenzake kwamba anabadili lengo, anataka kuacha kabisa. Kilichonigusa mimi ni kwamba mama aliyekijua kiasi kwa kitabu na kwa kalamu, akakifundisha kwa wengine, hakuweza kukishika mwenyewe.

Turudi kwa dada yetu. Mumeo ni mtu mzima, na hutaweza kumfunga kamba. Unaloweza kukataa ni kuwa karani wa chupa zake. Wake wengi huingia katika mtego huu: "Basi nitamruhusu mbili, nami nitahesabu." Ukishakuwa mhesabuji, ya tatu itakuwa kosa lako kwa kuwa ulinuna, na ya nne itafichwa chooni. Mwambie mkiwa wawili, siku ambayo hakuna ugomvi, kwamba wewe unaomba aendelee kuacha kabisa. Umweleze unachoogopa kwa mambo yaliyotokea kweli, siku na mahali, bila kumtukana. Mwulize pia kwa nini sasa. Mara nyingine anayeomba bia hana kiu ya bia. Amechoka kuitwa "mgonjwa" mbele za wenzake, au amefiwa, au kazi imemshinda, na hana mtu wa kumwambia. Akikujibu kwa habari ya Timotheo na tumbo lake (maana wapo wasiofungua Biblia mwaka mzima lakini hapo wanapajua), mkumbushe kwamba Timotheo alikuwa mgonjwa wa tumbo, na hatusomi popote kwamba alikuwa akizimua.

Kuhusu harusi, usingoje siku yenyewe. Mume amwendee kaka yake mkubwa mapema, amweleze kwamba pombe kwake imekuwa kama sumu, na aombe apewe soda au togwa mbele ya wazee bila maneno. Mzee mmoja mwenye heshima akisema "huyu mwacheni," kazi imekwisha. Kaeni mbali na meza ya vinywaji, na muwe na njia ya kuondoka mapema. Fedha za ada zilipwe kabla ya safari.

Na nakusihi, usimwekee dawa ya kuachisha pombe kwenye mchuzi kwa siri, hata kama jirani anakusifia unga wake. Ipo dawa ya hospitali iitwayo disulfiram inayomfanya mtu augue vibaya akinywa pombe, na mtu asiyejua kwamba ameimeza anaweza kunywa nyingi na akafa. Zipo pia dawa za kupunguza hamu ya pombe, kama naltrexone. Zote ni za daktari, na mgonjwa mwenyewe akubali.

Je, akinywa? Ikiwa ni jioni moja akajuta, usiseme miaka miwili imepotea. Haijapotea. Mwache alale, na kesho yake arudi kwa yule aliyemsaidia kuacha mara ya kwanza, iwe ni mshauri, daktari au kikundi cha wenzake. Lakini akiwa amekunywa kila siku kwa majuma kadhaa, usimfungie chumbani ili aache ghafla. Kwa mlevi wa siku nyingi jambo hilo ni la hatari. Siku moja hadi nne baada ya kukosa pombe anaweza kutetemeka, kutoka jasho, kupata degedege, kuchanganyikiwa na kuona wadudu ukutani. Ukiona hayo usingoje asubuhi, mpeleke hospitali usiku huo huo, na umwambie daktari waziwazi amekunywa nini na tangu lini.