Mtoto asitafutiwe baba akiwa darasa la saba



Nina dukuduku juu ya suala la kukana mimba na kupima vinasaba. Nimesikia wanaume wenzangu wengi wakisema kwamba sasa kila baba awapeleke watoto wake wote wakapimwe, kwa sababu wanawake si wa kuaminika. Mimi nasema hapana. Kipimo ni kizuri, lakini wenzangu hao wanataka kukitumia mahali pasipofaa, na pale kinapohitajika hasa wanakikimbia.

Mimi ni mwalimu mstaafu. Kwanza nieleze yaliyonipata nyumbani kwangu, maana ndiyo yaliyonifanya nishike kalamu.

Mwaka 2011 binti yangu, akiwa na umri wa miaka 21, alipata mimba. Alimtaja bwana mmoja aliyekuwa akija kununua mpunga hapa kwetu. Tukatuma wazee kwao kwa heshima, kama ilivyo desturi. Yule bwana akakana mbele ya wazee wangu na wazee wake, akasema mimba hiyo ina wenyewe wengi. Binti yangu akaenda katika ofisi moja kulalamika. Aliyempokea akamwuliza, "Shahidi wako ni nani?" Hivi, ndugu Mhariri, shahidi wa jambo la namna hiyo hutoka wapi? Binti akarudi nyumbani analia, nasi hatukwenda tena. Mtoto akazaliwa, na katika cheti chake mahali pa jina la baba pakabaki wazi.

Mjukuu huyo nimemlea mimi na bibi yake. Mwishoni mwa mwaka 2024 akafaulu mtihani wa darasa la saba. Haukupita mwezi, yule bwana akaja na wazee wawili na mbuzi, akisema amekuja kuifuata damu yake. Safari hii tulikwenda Ustawi wa Jamii, tukapewa barua, wakapimwa. Majibu yakatoka kwamba ndiye baba.

Wengine walinipongeza. Mimi sikufurahi. Kipimo hicho hicho kilikuwapo mwaka 2011, na sheria ilikuwapo. Kilichokosekana ni mtu wa kutuambia. Kwa kukosa neno moja, mtoto amekaa miaka 13 akiitwa majina ambayo siwezi kuyaandika gazetini.

Ndugu wasomaji, tuitazame sheria yenyewe. Zamani kesi hizi zilifuata sheria ya wakati wa ukoloni. Chini ya sheria hiyo neno la mama peke yake halikutosha. Ilibidi uwepo ushahidi mwingine wa kuliunga mkono. Na hata akishinda, matunzo yalikuwa na kikomo cha shilingi 100 kwa mwezi. Sheria hiyo ilibaki vitabuni mpaka shilingi 100 ikawa hainunui hata kibiriti cha kuwashia moto wa uji wa mtoto. Ndipo Sheria ya Mtoto ya 2009 ilipoifuta.

Sheria hii mpya inaruhusu maombi ya kumtambua mzazi yapelekwe mahakamani na mtoto mwenyewe, mzazi, mlezi, au ofisa wa ustawi wa jamii. Tena maombi hayo yanaweza kupelekwa hata kabla mtoto hajazaliwa. Ushahidi unaokubaliwa nao si wa aina moja. Kuna ndoa ya wazazi, kuna jina lililoandikwa katika daftari la vizazi, kuna sherehe ya kimila iliyofanywa na baba, kuna kumkubali mtoto mbele ya watu, na kuna majibu ya vinasaba. Mahakama inaweza pia kuamuru anayetajwa akapimwe. Kwa hiyo yule aliyemwuliza binti yangu shahidi, wakati sheria hii ilikuwa imekwisha pitishwa, alikuwa akitumia mawazo ya zamani katika kiti kipya. Sidhani kwamba alikuwa na nia mbaya. Nadhani hakuwa amesoma.

Zamani mahakimu walikuwa na udhuru. Damu ilipimwa kwa makundi tu. Mtu wa kundi O, kwa kawaida, hawezi kumzaa mtoto wa kundi AB, kwa hiyo kipimo kiliweza kumtoa mtu katika kesi. Lakini hakikuweza kusema nani ndiye, kwa kuwa wenye kundi moja la damu ni wengi mno. Mwaka 1984 mtaalamu Alec Jeffreys wa Chuo Kikuu cha Leicester, Uingereza, aligundua njia ya kuzisoma alama za vinasaba. Mwaka 1985 njia hiyo ilitumika kuthibitisha kwamba kijana mmoja aliyetoka Ghana, ambaye maofisa wa uhamiaji walimtilia shaka, alikuwa kweli mtoto wa mama yake. Basi kumbukeni kwamba katika kesi zake za mwanzo kabisa kipimo hiki kilimrudishia mama mtoto wake. Hakikuanza kwa kuvunja nyumba ya mtu.

Sasa nije kwa wale wanaotaka watoto wote wapimwe. Hao hushika habari zinazotangazwa mara kwa mara kwamba sehemu kubwa ya wanaume waliopimwa wamekutwa si baba. Nawaomba wafikiri. Wanaopimwa ni akina nani? Ni wale waliokwisha kugombana, kushitakiana na kutiliana shaka. Ukienda wodini ukahesabu wenye malaria, huwezi kutoka hapo ukatangaza kwamba nusu ya nchi inaumwa malaria. Hesabu ya wenye mashaka haiwezi kuwa hesabu ya ndoa zote.

Tena sheria yetu ina busara katika jambo hili. Sheria ya Ushahidi ya 1967 humhesabu mtoto aliyezaliwa ndani ya ndoa halali kuwa ni wa mume. Vivyo hivyo kwa mtoto aliyezaliwa ndani ya siku 280 baada ya ndoa kuvunjika, kama mama hajaolewa tena. Kinga hiyo haiondoki mpaka ithibitishwe kwamba mume na mke hao hawakuweza kukutana. Waliotunga sheria hiyo hawakuwa wajinga wa mambo ya dunia. Walijua kwamba watu wazima hugombana, na hawakutaka kila ugomvi wa kitanda umwangukie mtoto. Vilevile, Sheria ya Udhibiti wa Matumizi ya Teknolojia ya Vinasaba vya Binadamu ya 2009 haimruhusu mtu kubeba mate ya mtoto kwenye chupa na kwenda maabara kimya kimya. Lazima ombi lipitie kwa wanaotambuliwa na sheria, kama vile mahakama, polisi, ofisa wa ustawi wa jamii au wakili. Utaratibu huo wengine wanauita urasimu. Mimi nauita ulinzi.

Simaanishi kwamba wanaume hawasingiziwi. Wako wanaosingiziwa, na ni dhuluma kubwa mtu kulea kwa kudanganywa. Lakini mwanamume asiye na hatia ndiye angepaswa kuwa wa kwanza kutaka jambo liamuliwe mapema. Akipimwa mtoto angali mchanga, kama si wake anaondoka na heshima yake, na mama anaulizwa aseme kweli. Anayesingiziwa na anayekimbia hujulikana hapo: mmoja huja akiitwa, mwingine huhama mji.

Kwa hiyo napenda kutoa mapendekezo yangu kwa wenye dhamana.

Kwanza, kila mama mjamzito anayekwenda kliniki bila baba wa mtoto aelezwe haki yake pale pale, na aelekezwe kwa ofisa wa ustawi wa jamii. Kliniki ndiyo ofisi ambayo karibu kila mama huifikia.

Pili, watendaji wa vijiji na kata wafundishwe sheria hii, ili asiwepo tena wa kumwuliza msichana shahidi.

Tatu, Serikali ibebe gharama za kipimo kwa wasio na uwezo, kisha imdai atakayethibitika kuwa baba lakini alikana. Mkulima wa jembe la mkono hawezi kulipia nauli za watu watatu na ada ya maabara kwa pamoja.

Nne, anayeitwa na mahakama kupimwa akakataa bila sababu, kukataa kwake kuhesabiwe dhidi yake.

Tano, aliyekana mimba kisha akathibitika kuwa baba, ihesabiwe miaka yote aliyoikimbia, kabla hajaanza kudai haki ya kumchukua mtoto. Haiwezekani deni lianze siku anayotaka yeye.

Wasomaji watataka kujua tumeamuaje. Mjukuu wangu yuko kwetu, anasoma sekondari. Baba yake nimemruhusu kuja kumwona, maana mtoto ana haki ya kumjua baba yake, na hasira zangu si urithi wa kumwachia. Mbuzi nilimrudisha. Nilimwambia yule bwana alete kwanza sare, madaftari na ada ya miaka iliyopita, mbuzi tutamla baadaye. Mpaka leo ninapoandika barua hii ameleta madaftari.

Siku majibu yalipotoka, mtoto aliniuliza, "Babu, kwani zamani hawakujua?" Sikuwa na jibu zuri la kumpa. Naomba watoto wanaozaliwa mwaka huu wasije wakamwuliza mtu yeyote swali hilo.

Mwalimu Mstaafu,
Kilosa, Morogoro.